Mashine Iliyofundishwa Itifaki

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua wewe, kapime macho, usinitafutie kesi. Mimi ni mtumishi wa umma, nina watoto, na nasema nilichokiona tu.

Jina langu Hiza Mbelwa, Afisa Itifaki Mwandamizi, Daraja la Pili. Kwetu hotuba haianzi mpaka kila mkubwa aliyepo atajwe kwa cheo chake, kuanzia wa juu kabisa hadi yule wa mwisho aliyekaa karibu na spika. Kazi yangu ni kuandika orodha hiyo na kuisoma kwa sauti nzito. Niliwahi kumruka Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani mara moja tu, bahati mbaya, karatasi zilishikana. Nikahamishiwa ghala la bendera kuukuu, nikakaa miaka miwili nakunja vitambaa.

Sasa, nchi yetu ilikuwa na helikopta tatu za Serikali. Zikabaki mbili.

Ile ya tatu iligonga Mlima Kisogo asubuhi ya ukungu. Ndani alikuwemo Waziri wa Safari za Viongozi wa wakati huo, wasaidizi wake wawili, na rubani wao, Kapteni Ludovick Shirima, mzee aliyeruka miaka thelathini bila kukwaruza hata rangi. Pale kiwanjani Kapteni Ludovick alisema hali ya hewa si nzuri, wasubiri kidogo. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Waziri akamjibu, "Ratiba imeshachapwa, Kapteni." Basi, wakaondoka. Tulizika masanduku manne yasiyofunguliwa, na mimi ndiye niliyepanga nani akae mstari wa mbele msibani.

Tume ikaundwa. Ikakaa miezi saba, ikaenda kuutembelea mlima kwa gari, ikapiga nao picha. Ripoti ilipotoka ilisema chanzo cha ajali ni "mlima kuwa karibu mno na helikopta". Tukapiga makofi. Ikapendekeza mambo matatu: kanuni mpya, mafunzo ya marubani kufanya maamuzi, na teknolojia ya kisasa. Nawaambia kweli, nilidhani nchi imeamka.

*

Kanuni zilikuja kwanza, kitabu kinene cha jalada la bluu. Kanuni ya kumi na nne ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Ilisema: "Rubani atakuwa na uhuru kamili wa kughairi safari kwa sababu za usalama, ilimradi uamuzi wake usipingane na ratiba." Chini yake kulikuwa na Fomu ya Kughairi, nakala tano, inayojazwa na rubani na kutiwa saini na abiria mwenye cheo kikubwa kuliko wote ndani ya helikopta.

Kapteni Edina Mwakibete aliisoma fomu ile mara mbili. Huyu mama alikuwa mwanafunzi wa marehemu Kapteni Ludovick, tena ndiye aliyepandishwa mlimani kwenda kumtambua kwa saa yake ya mkononi. Si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Hiza, hebu nieleweshe. Waziri akitaka kwenda, na mimi nikiona hatufiki, anayesaini kwamba tusiende ni Waziri huyohuyo?"

"Ndiyo, Kapteni. Ndiyo uwajibikaji wenyewe," nikamwambia. Nilikuwa nimeambiwa nijibu hivyo.

Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Yakafuata mafunzo. Semina ya siku tatu hotelini, na mkufunzi aliyebobea katika maamuzi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hapandi lifti kwa woga. Swali la mtihani lilikuwa hili: mbele yako kuna wingu zito, nyuma yako ameketi Mheshimiwa, utafanya nini? Jibu sahihi, kwa mujibu wa kitini, ni kumshukuru Mheshimiwa kwa imani aliyokuonyesha, kisha kuendelea kwa tahadhari. Marubani watatu walipata alama zote. Kapteni Edina aliandika neno moja, "Nageuka." Akapewa sifuri. Akarudishwa kurudia mtihani jioni, akaandika, "Nageuka haraka."

"Mama, unajitafutia nini?" mkufunzi akamuuliza mbele ya watu.

"Uhai, mwalimu. Wangu na wa hao waliokaa nyuma."

Watu ukumbini wakajidai wanatafuta maandazi.

*

Cha tatu ndicho kilichonihusu mimi. Kikaja kifaa kutoka nje, kiboksi kidogo cheusi chenye kazi moja. Kikiona mlima au jengo au mti mbele ya helikopta, hata rubani akiwa haoni kwa ukungu, kinapiga kelele. Fundi wetu mkuu, Mzee Chande, alikifunga kwa mikono yake, akawa anakipapasa kila saa. "Kingekuwepo siku ile," akaniambia, "Ludo angekuwa anakunywa chai hapa." Akageuka upande wa ukutani, akafuta miwani muda mrefu.

Siku ya uzinduzi Waziri mpya akaja kwenye banda letu la helikopta: Mheshimiwa Dokta, Profesa, Mhandisi wa Heshima, Philimon Kalunde. Akaketi ndani ya helikopta ikiwa palepale chini, Mzee Chande akawasha jaribio. Kiboksi kikalipuka, "Mlima! Panda! Panda!"

Mheshimiwa akashtuka, kofia ikaanguka. Kisha uso ukabadilika. "Nani huyo anayeniamrisha?"

"Ni mashine, Mheshimiwa," Mzee Chande akasema. "Inamwambia rubani apandishe helikopta."

"Mimi nimekaa hapa, yenyewe inampigia kelele dereva? Haijui nani yumo humu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Hata salamu?"

Jamani, kweli haikuwa imesalimu. Tuliona aibu. Kifaa cha kigeni kimeingia ndani ya chombo cha Serikali, kimemkuta Waziri, kikaanza kufoka kama kiko sokoni.

Ikaundwa Kamati ya Kukiadabisha Kifaa, na katibu nikawa mimi. Tuliamua kwamba kifaa kitaanza kwa kutambua uwepo wa viongozi, ndipo kitoe taarifa yake kwa unyenyekevu. Sauti ikachaguliwa yangu. Nilirekodiwa studio nikiwa nimevaa suti, maana mtu akivaa suti hata sauti inakaa sawa. Mwanzoni salamu ilikuwa fupi. Lakini habari zikasambaa, na kila ofisi ikataka iwemo. Mkuu wa Mkoa ambao helikopta inapita juu yake akasema naye atajwe. Wakuu wa Wilaya wakaandika barua. Wakaingia viongozi wa dini, wazee maarufu, wawakilishi wa kina mama, na yule Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani, ambaye safari hii sikuthubutu kumruka.

Mzee Chande akaleta saa. "Sekunde sabini na moja," akasema. "Kifaa kinauona mlima sekunde arobaini kabla ya kuugonga. Salamu peke yake sabini na moja. Hebu hesabuni wenyewe."

Kamati ikahesabu. Ikatafakari kwa kina. Mwenyekiti wetu akasema, "Basi rubani aendeshe polepole."

Tukafunga kikao kwa sala.

*

Safari ya kwanza ya kifaa kilichoadabishwa ilikuwa kwenda Ng'ambo, wilaya iliyo nyuma ya Mlima Kisogo. Mheshimiwa alikuwa anakwenda kufungua bomba la maji, bomba moja, ambalo kwa taarifa yenu wananchi walikuwa wanalitumia tangu mwaka juzi. Lilifungwa kwa wiki mbili ili apate kulifungua. Niliwekwa kwenye msafara kama afisa itifaki, kiti cha nyuma upande wa dirisha. Pembeni yangu walikaa mpiga picha na mwandishi wa hotuba.

Asubuhi ile mlima hauonekani kabisa. Kapteni Edina akasimama mbele ya Mheshimiwa, fomu mkononi, nakala zote tano amezijaza.

"Mheshimiwa, shikamoo. Kilango cha mlima, pale tunapopenya, kimefunga. Tusubiri hadi saa tano, ukungu utanyanyuka. Naomba saini yako hapa."

"Marahaba, binti yangu. Ratiba imeshachapwa."

Neno lile lile. Kapteni Edina akazikunja zile nakala tano. Mzee Chande alikuwa amesimama karibu na mkia, akaangalia chini.

"Nitakwenda mpaka mdomoni pa kilango, niangalie," Kapteni Edina akasema. "Pakiwa pamefunga narudi. Nakwambia mapema, Mheshimiwa, usije ukasema sikukwambia."

"Utanifikisha, binti yangu. Nina imani na wewe."

Tukaruka. Dakika ishirini mambo yakawa mazuri, hata mpiga picha akaanza kusinzia. Tulipokaribia kilango, wingu likatujia mara moja, kushoto, kulia, chini, mbele. Nje pakawa peupe, hakuna mbingu wala ardhi. Na hapo ndipo niliposikia sauti yangu mwenyewe, nzito, tulivu, ikitoka kwenye vile visikilizio tulivyovaa kichwani.

"Mheshimiwa Dokta, Profesa, Mhandisi wa Heshima, Philimon Kalunde, Waziri wa Safari za Viongozi..."

Mungu anisamehe, sekunde tatu za kwanza nilijisikia fahari. Nilisema moyoni, kumbe nina sauti nzuri hivi! Mheshimiwa akatikisa kichwa kupokea salamu, akanyoosha hata tai.

"...Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa popote ulipo, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya..."

Ndipo nikakumbuka kitu. Kile kiboksi hakisemi mpaka kimeona kitu. Kimeshaona. Kinajua mlima ulipo, na mimi ndiye niliyekiziba mdomo kwa vyeo vya watu. Nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma. Sijawahi kumkatiza mtu anayetaja viongozi maisha yangu yote, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Kapteni Edina hakungoja. Helikopta ililala ubavu, tumbo langu likabaki upande wa pili, mkoba wa hotuba ukaruka ukampiga Mheshimiwa shingoni.

"Unafanya nini?" Mheshimiwa akafoka. "Hawajamaliza kunitambulisha! Endelea mbele!"

"Hapana."

"Nimesema endelea!"

"Hapana, Mheshimiwa!"

Dirishani kwangu wingu likapasuka kidogo. Nikaona jiwe. Si jiwe la mbali. Niliona ukoka ulioota kwenye ufa wake, na maji yakitiririka juu ya ukoka ule. Ningekuwa na fimbo ningeligusa. Kisha likapita chini ya miguu yetu, likaenda zake, na mimi nikagundua kwamba nimemshika mkono mwandishi wa hotuba na yeye amenishika mimi, na wote wawili tunalia.

"...wazee wetu maarufu, kina mama, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani..."

Tukatoka kwenye wingu. Jua likatupiga usoni. Tulikuwa tumeshaupa mlima mgongo, tunaiona mito ya kwetu chini, ndipo sauti yangu ilipokohoa kwa adabu na kusema, "Itifaki imezingatiwa. Kwa heshima na taadhima, naomba kutoa taarifa kwamba mbele yetu kuna mlima. Naomba kuwasilisha."

Mheshimiwa, kwa mazoea, akapiga makofi.

*

Siku ya tatu Kapteni Edina akaitwa mbele ya Baraza la Nidhamu ya Anga, wajumbe watano na Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu aitwaye Mheshimiwa Redempta Kagoma. Makosa yalikuwa matatu: kukatisha salamu za kiongozi zikiwa zinaendelea, kugeuza helikopta bila fomu iliyotiwa saini, na kutamka "hapana" mara mbili ndani ya chombo cha Serikali. Adhabu yake ni kunyang'anywa leseni. Kwa rubani hiyo ni kufukuzwa kwenye maisha yenyewe, maana mama yule hakuwa anajua kazi nyingine wala hakutaka kuijua.

Shahidi wa kwanza wa Serikali nilikuwa mimi. Nilielekezwa usiku kucha nini cha kusema.

"Bwana Mbelwa," Mwenyekiti akaniuliza, "wakati mshtakiwa anageuza helikopta, salamu zilikuwa zimekamilika?"

"Hazikuwa zimekamilika, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo alizikatisha."

Nikamtazama Kapteni Edina. Hakuniomba kitu kwa macho, wala hakunionea huruma. Amekaa tu, mikono mapajani. Nikafikiria ghala la bendera. Kisha nikafikiria ule ukoka na yale maji.

"Mheshimiwa," nikasema, na safari hii sauti haikugoma, "zingekamilika ningekuwa nimekufa. Waziri angekuwa amekufa. Ile salamu nimeiandika mimi na nimeisoma mimi, na ni upuuzi mtupu. Kama kuna mtu wa kushtakiwa hapa, nishtakini mimi na Kamati yangu. Huyu mama ametuokoa."

Weee! Wajumbe wakainua vichwa kama wamesikia sufuria likianguka. Mwenyekiti akaamuru maneno yangu yafutwe kwenye kumbukumbu. Karani akayafuta. Lakini watu walikuwa wamejaa mpaka koridoni, na wao hakuna aliyewafuta.

Baraza likajifungia nusu saa. Lilipotoka, Mwenyekiti alikuwa na sura ya huruma. Akasema Serikali ni sikivu. Mheshimiwa Waziri bado anasubiriwa Ng'ambo, bomba bado limefungwa, na leo alasiri hiihii anataka kwenda. Kapteni Edina akitia saini barua ya kuomba radhi, kisha akamrusha Mheshimiwa na kifaa kikiwa vilevile, ili taifa lione ni salama, atabaki na leseni yake na mambo yatakuwa yameisha.

Kapteni Edina akaipokea barua. Akaisoma mpaka mwisho, bila haraka. Akatazama dirishani. Mlima Kisogo ulikuwa umejifunika mpaka magotini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina swali moja tu."

"Uliza, binti yangu."

"Helikopta ina viti. Mheshimiwa Waziri atakaa kimoja. Ninyi mnasema kifaa ni salama. Nani kati yenu anapanda na sisi?"

Wajumbe wakatazamana. Mjumbe wa kwanza akakumbuka kwamba ana sukari. Wa pili ana shemeji anayevishwa pete. Wa tatu akasema yeye kwa kweli anaunga mkono kifaa akiwa chini, kwa sababu kila mtu ana nafasi yake. Wa nne akaangusha kalamu na akakaa chini ya meza kuitafuta muda wote uliobaki. Wa tano akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akavua miwani ya dhahabu, akaipangusa, akaivaa.

"Mimi ni Mwenyekiti," akasema. "Siwezi kuacha kiti."

"Basi hukumu mmeshaitoa wenyewe," Kapteni Edina akasema. Akaichana barua katikati, akaweka vipande mezani, na juu yake akaweka leseni. "Chukueni. Mimi nikiambiwa nirushe ndani ya wingu lile, jibu langu ni hapana leo, na kesho, na hata mkinipa mtihani mara mia. Mwalimu wangu alikufa kwa sababu alikuwa na adabu. Mimi sina."

Akatoka. Watu wa koridoni wakampisha. Hakuna aliyepiga makofi, ila wanaume walivua kofia, na kwetu kofia huvuliwa kwa wakubwa tu.

Mheshimiwa Waziri alikuwa kiwanjani, ameshafunga mkanda. Akaagiza aitwe rubani mwingine. Akaja kijana Kapteni Mrope, mmoja wa wale waliopata alama zote kwenye semina, akauangalia mlima, akaangalia kiatu chake, akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, Mheshimiwa." Akaitwa wa pili. Huyo hata hakufika kwenye helikopta, alilisema neno akiwa bado mlangoni. Wa tatu alilisema kwa simu, wakati Mheshimiwa hajamaliza hata kumsalimu. Akabaki Mzee Chande. Alikuwa ameshika bisibisi, na kile kiboksi cheusi kilikuwa kimefunguliwa mbele yake mezani, nyaya nje. Mheshimiwa akamuuliza anafanya nini. Mzee akajibu, "Naitoa sauti ya Hiza," na akaendelea kulegeza skrubu bila kugeuka.

Nilisimama pale na orodha yangu ya vyeo mkononi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikamfungulia Mheshimiwa mlango wa gari.

Barabara ya kwenda Ng'ambo inazunguka mlima wote, mwendo wa saa kumi na moja, vumbi mpaka kwenye meno. Tulilala njiani, Mheshimiwa akafika asubuhi ameikumbatia ratiba yake. Alikuta watu wameshachoka kusubiri, wamelifungua bomba wenyewe, na watoto wanaoga. Alishuka mzima, miguu miwili, mikono miwili, kichwa juu ya shingo. Mke wake alimpigia simu, nikamsikia akicheka kwa furaha upande wa pili.

Mpaka leo hajatusamehe.